Mpendwa Mmoja wa Gakindu

Gakindu, Mukurweini
10 Februari 2025

Kwako Tabby, dada yangu,

Bwana asifiwe. Huku tuko salama, ni mvua tu hatujaiona, na kahawa inatuangalia kama ng'ombe aliyesahauliwa kunyweshwa. Mzee anakusalimia. Theuri naye anauliza kama bado unacheka vile ulikuwa ukicheka kwa darasa la kompyuta mpaka Mwalimu Munene anaacha kufundisha.

Nakuandikia juu ya faili yetu. Jana nilikuwa natafuta ile kazi ya kupanga tarehe, nikapita nyingine nyingi sana kabla sijaiona. Tabby, imekuwa kama sanduku la marehemu mama yangu, unatafuta uzi unatoka na kijiko. Tulianza na fankisheni mbili tu, vile vipande vya maagizo ya kompyuta, tukifurahi kama watoto kwamba mtu anaandika kitu mara moja na tovuti zote mbili zinakitumia, yangu ya kanisa na yako ya wapagazi wa mlima. Sasa kila tukipata shida tunatupa nyingine humo. Naomba tuzigawanye: faili ya majina, faili ya tarehe, faili ya namba za simu. Na juu ya kila fankisheni tuendelee kuweka jina la aliyeiandika, kama Mwalimu alivyotufundisha.

Sitagusa kitu mpaka unijibu. Theuri ananicheka, ati siku hizi watu wanapiga simu. Lakini si tulikubaliana pale Nyeri, mbele ya Mwalimu? Faili ni moja na paswadi ni moja, kwa hivyo anayetaka kubadilisha kitu anamwandikia mwenzake barua kwanza, anaeleza sababu, anangoja jibu. Ya simu husahaulika. Mimi hata huandika kwa kalamu ndipo nichape.

Na nikwambie jambo la kunifurahisha. Ukurasa wa maombi umeshika. Akina mama wanaandika mambo ambayo hawangeweza kuambia mtu uso kwa uso, na ni kwa sababu ya ile fankisheni yangu ya fichaJina. Mtu anajaza jina na mahali anapotoka, mimi peke yangu ndiye nayaona, lakini kwa ukurasa kunatokea tu "Mpendwa mmoja wa Gakindu". Jumatano tunauonyesha ukutani kwa projekta, kanisa lote linaomba. Ziko zingine nimesoma nikalia. Moja ni ya mtu wa nyumbani kwetu kabisa, na huyo sitamtaja hata kwako, wewe ninayekwambia kila kitu.

Nijibu, na ukae na Mungu.

Dada yako katika Bwana,
Wangui, Mama Theuri


Naro Moru
24 Februari 2025

Mama Theuri wangu,

Asifiwe milele. Wewe na kupanga vitu! Hata sufuria zako nakumbuka zinakaa kwa ukubwa, na vifuniko kando vimetulia kama watoto wa shule ya Jumapili. Nimekubali tuzigawanye, lakini ngoja wageni wapungue. Wakati huu hata chai siinywi ikiwa moto.

Acha nikupe yangu. Unajua tulipoanza hii tovuti vijana waliogopa majina yao kutokea kwa mtandao, nikaazima fichaJina yako. Sasa mgeni anafungua, anatafuta mtu wa kumbebea mzigo mlimani, anakuta "Mpendwa mmoja wa Naro Moru". Chini yake, mpendwa mwingine. Ukurasa mzima ni wapendwa tu! Mwenyekiti wa wapagazi aliniuliza mbele ya watu, "Tabby, hii ni kazi ya mlima ama ni krusedi?" Walicheka, na mimi nikacheka. Lakini baadaye aliniita kando akasema yeye hachezi, vijana wanataka majina yaonekane, na yuko na mtu wa Nanyuki anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi.

Nifanyeje? Nikinakili fankisheni yako niitengeneze yangu kando, Mwalimu atasema nimerudi kwa ule uvivu aliotukataza, wa kitu kimoja kukaa mahali pawili. Fikiria uniambie. Na usiwe na wasiwasi, nikitaka kugusa chako nitakuandikia kwanza. Si unanijua.

Tabby wako


Gakindu
13 Machi 2025

Tabby,

Niombee. Sijui nianzie wapi.

Jana kwa ushirika wa Jumatano nilisimama mbele na karatasi yangu kama kawaida, nimeupa ukuta mgongo. Nikasoma ombi la mama mmoja anayemlilia binti aliyemwacha Nanyuki kwa shangazi yake kabla ya kuolewa, na mume wa mama huyo hajui kama binti yuko. Nikasema, wapendwa, tusimame tumwombee mwenzetu. Hakuna aliyesimama. Nikainua macho, nikaona watu hawaniangalii mimi, wanaangalia juu ya kichwa changu. Halafu mmoja mmoja wakaanza kugeuka kuelekea benchi la akina mama. Hapo ndipo nami niligeuka. Ukutani palikuwa pameandikwa "Njoki wa Ngugi, Gakindu".

Njoki ni wifi yangu, Tabby. Mke wa ndugu yangu. Na Ngugi mwenyewe alikuwa ameketi pale karibu na mlango, na kofia yake magotini.

Njoki alichukua Biblia yake akatoka. Alipopita karibu nami alisema polepole, "Kumbe wifi ulikuwa unaniwekea siku hii tu."

Ndivyo wote wanavyoamini. Dada ya mume amemwanika mke wa ndugu yake kanisani, nani atauliza swali lingine? Ningeambiwa habari hiyo ya mtu mwingine, mimi pia ningeamini.

Nilipofika nyumbani nilifungua faili. fichaJina imebadilishwa. Haifichi tena. Inatoa jina, inaweka mkato, inatoa mahali. Na juu yake bado imeandikwa jina langu, kwamba mimi ndiye niliyeiandika. Nimeufunga ukurasa wote wa maombi, lakini faili yenyewe sikuigusa, kwa sababu ni yetu sote na makubaliano ni makubaliano. Naomba uniruhusu niirudishe ilivyokuwa. Na uniambie kama uliona kitu. Wenye paswadi ni mimi na wewe na Mwalimu Munene.

Jibu lako la wapagazi nilikuwa nimeshaanza kuliandika, liko hapa mezani. Ni rahisi tu. Unaongeza neno moja ndani ya mabano ya fankisheni, la kuiambia ifiche au ionyeshe. Kwangu ingeendelea kuficha, kwako ingeonyesha, na hakuna kunakili. Lakini sasa akili haiko huko.

Wangui


Naro Moru
19 Machi 2025

Pole, Mama Theuri, pole sana,

Nimesoma barua yako nikakaa chini. Shetani akiona kazi ya Mungu inaendelea lazima atafute mlango. Usijilaumu. Ngugi atapoa, hao wanaume hupoa, na Njoki ataona mwenyewe kwamba wewe si mtu wa namna hiyo.

Lakini faili usiiguse kwanza. Ukiirudisha sasa, alama za aliyeingia zitapotea na hatutawahi kumjua. Iache vile ilivyo.

Sitaki kumsema mtumishi wa Mungu. Wewe mwenyewe umetaja wenye paswadi. Unakumbuka Mwalimu alivyokuwa akitunyang'anya kibodi darasani, "leta hapa, leta nikuonyeshe"? Pengine aliingia kusafisha akaona atakwambia baadaye. Sisemi ni yeye. Nasema tu unakumbuka.

Niko pamoja nawe kwa maombi.

Tabby


Gakindu
1 Aprili 2025

Dada yangu,

Njoki amerudi kwao Othaya. Alipanga nguo zake mchana, watu wakipita njiani wakiona, hakujificha. Ngugi hakumzuia wala hakumfukuza. Anaamka, anaenda shambani, anarudi, anakula akipewa. Nikimpelekea chakula anasema asante kama anavyomwambia mtu wa dukani. Mimi ndiye nilimlea huyo kijana mama alipoaga.

Nilimwendea Mwalimu Munene. Nilimkuta nje ya kanisa baada ya ibada, na sikungoja watu waondoke, hilo nitalijibu kwa Mungu. Nikamwambia, "Mwalimu, kwa nini uliingia bila kuniuliza?"

Akasema, "Kuingia wapi, Mama Theuri?"

Nikamweleza, na sauti yangu unaijua ikipanda. Wazee wote walisikia. Hakujitetea, Tabby. Aliniuliza neno moja tu, "Tabby amesemaje?" Nikamwambia Tabby analia pamoja na mimi, si kama wengine. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema atakaa kando na darasa la kompyuta mpaka jambo hili liishe. Sasa akina mama walioanza Januari wanakuja wanakuta mlango una kufuli, na hilo pia wanasema ni mimi.

Nilikuwa nafikiri nikishamjua aliyefanya hivi nitapumua. Sijapumua. Kuna kitu katika jinsi alivyoniangalia.

Nashukuru Mungu kwamba niko nawe. Kama si hizi barua ningekuwa naongea na kuku. Je, sasa naweza kuirudisha fichaJina? Nangoja neno lako tu.

Wangui


Naro Moru
8 Aprili 2025

Mpenzi Mama Theuri,

Ngoja kidogo tu juu ya faili, nitakwambia. Huku nina shughuli.

Naomba unisaidie kwa maombi. Kuna mpagazi wetu anaitwa Mugo, ameteremshwa kutoka juu akiwa hajitambui, baridi na kukosa hewa. Yuko hospitali. Ni wa watoto wadogo. Najua maombi yako yanafika haraka kuliko yangu.

Tabby


Gakindu
10 Aprili 2025

Tabby,

Mugo nimemwombea. Naanza na huyo, kwa sababu yeye hana kosa.

Unajua mimi siwezi kumpeleka mtu mbele za Mungu na jina nusu. Nilitaka jina lake la ubatizo, na kwa hospitali singejua wa kupigia. Nikasema, si tovuti ya Tabby iko? Sikuwa nimeifungua tangu Krismasi. Nikaifungua hapa mezani, mchana, na mboga zikiwa motoni.

"Simon Mugo Gicheru, Naro Moru."

Chini yake mwingine, na mwingine. Jina, mkato, mahali. Hakuna mpendwa hata mmoja. Jinsi ilivyokuwa ukutani kwa kanisa, Tabby, na ule mkato pale pale.

Niliketi mpaka mboga zikaungua.

Sasa nimezirudia barua zako na akili ya mtu aliyeamka. Uliniambia nisiiguse faili ili alama zisipotee. Hakukuwa na alama. Ningeirudisha, wapagazi wako wangegeuka tena wapendwa asubuhi ile ile, na mwenyekiti angekupigia simu. Ndiyo ilikuwa inakuzuia. Nilikuomba ruhusa ya kuzima moto nyumbani kwangu, na wewe ukanambia ngoja, kwa sababu ulikuwa unaota huo moto.

Kwamba uliibadilisha, hilo peke yake ningelisamehe kabla ya kumaliza kulisikia. Sote tunakosea. Hata mimi niliwahi kukuvurugia tarehe zote na tukacheka. Ungeniandikia mstari mmoja tu, "Wangui, nimegusa fichaJina." Mstari mmoja, na Njoki angekuwa kwake leo. Kama hukuandika kabla, ungeandika baada. Kama hukuandika baada, ungesema nilipokuuliza. Ulipoulizwa ukanionyesha Mwalimu, nami nikaenda nikamvunjia heshima mzee wa watu mbele ya kanisa, na jina lako nikalitaja kama la mtu wa kunilinda.

Sikuombi mengi. Njoo Gakindu, au kama ni aibu, twende moja kwa moja Othaya. Simama mbele ya Njoki umwambie, "Ni mimi, si wifi yako." Mimi nikisema haitoshi, kila mtu mwenye kosa husema ni mwingine. Anayeweza kumfungua Njoki ni wewe peke yako. Nitakungoja stendi, nitakushika mkono, sitakuacha useme ukiwa peke yako. Hata sasa.

Wangui


Naro Moru
28 Aprili 2025

Mama Theuri,

Nimekawia kukujibu kwa sababu barua yako ilikuwa kali, na mimi si mtu wa kujibu kwa hasira.

Ni kweli niliigusa. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, akisema afungue tovuti aone majina sasa hivi ama kazi iende Nanyuki. Nikafuta mstari mmoja, nikaandika mwingine. Nilijiambia jioni nitakuandikia. Jioni wakaja wageni. Kesho yake nikaona aibu ya kuchelewa, na keshokutwa aibu ikakua. Halafu ikaja barua yako ya Njoki, ningesema nini tena? Mimi ni mjane, Wangui. Hii kazi ndiyo mume wangu.

Kuhusu Mwalimu, mimi sikusema ni yeye. Soma tena. Wewe ndiye ulikwenda ukampigia kelele.

Na tuseme ukweli kama watu wazima, Njoki naye angemficha mtoto wake mpaka lini?

Kuja siwezi. Wapagazi wakisikia kwamba nilitoa siri za kanisa, nani ataniachia majina yake? Nimeungama mbele za Mungu, na moyoni nina amani, nimejua amenisamehe. Sasa kama Mungu amesamehe, wewe ni nani unayeendelea kushikilia? Tuliache hili jambo. fichaJina sasa unaweza kuirudisha, mimi nimeshajitengenezea yangu kando.

Wako,
Tabby


Gakindu
12 Mei 2025

Kwa Tabby, Naro Moru,

Mugo nimesikia ametoka hospitali. Nimeshukuru.

Nilikwenda kwa Mwalimu Munene. Nilimwomba msamaha mbele ya wazee wale wale, pale pale nje ya kanisa. Nikamuuliza kwa nini hakunena siku ile. Alisema, "Mama Theuri, wenye paswadi ni watatu. Nilijua si mimi, na nilijua si wewe. Lakini ulivyokuwa unampenda, ningemtaja ungeniita mwongo mara ya pili. Nikaona nimngoje aseme mwenyewe." Alikuwa anakungoja, Tabby. Sote tulikuwa tunakungoja na hatukujuana. Darasa amelifungua tena.

Othaya pia nilikwenda, peke yangu. Njoki alinikaribisha nje, hakuniambia niingie. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha. Nikamweleza yote kutoka mwanzo, faili moja, tovuti mbili, jinsi mkono wa mtu wa Naro Moru unavyoweza kufungua mlango wa Gakindu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na huyo rafiki yako yuko wapi?"

Nikasema, "Hatakuja."

Akasema, "Basi wifi, umekuja na hadithi." Lakini hakunifukuza. Nilichukua ungo nikachambua naye mpaka maharagwe yakaisha. Nilipoinuka alisema njia ina matope, nipite juu. Hayo ndiyo niliyorudi nayo.

Ngugi alikwenda Nanyuki, aliko yule binti, juma lililopita. Hakuniambia kufanya nini. Alirudi akanyoa ndevu. Sijui, namwachia Mungu.

Umeniuliza mimi ni nani ninayeendelea kushikilia. Nimelifikiria hilo nikiwa nimepiga magoti, maana lilinichoma. Mimi si kitu. Lakini Mungu akikusamehe wewe, Njoki bado yuko Othaya. Amani yako haijamfikia. Ungemletea hata kidogo.

Sasa nakuja kwa sababu ya barua hii. Nataka kubadilisha faili yetu, na nakujulisha.

Nitazigawanya kama nilivyosema Februari, za majina, za tarehe, za simu. Zote nilizoandika mimi nitazihamisha ndani ya folda ya kanisa, na folda hiyo itakuwa na paswadi yake. Zile ulizoandika wewe na mimi nazitumia, nitaziandika upya kwa mkono wangu. Kitu kimoja kitakuwa kinakaa mahali pawili. Mwalimu ameniambia huko ndiko kunakili alikotukataza. Nimemwambia najua.

fichaJina nitairudisha ilivyokuwa. Ukurasa wa maombi nitaufungua, hata kama ni mimi peke yangu nitakayeandika humo kwanza.

Imebaki ile moja ya salamu, ya kwanza kabisa, inayoangalia saa na kuchagua kama ni habari za asubuhi au za jioni. Iko na majina yetu yote mawili juu yake, langu na lako, na ile alama ya ziada uliyoiweka kwa makosa ukakataa kuifuta ati ni sahihi yako. Hiyo sijui ni ya nani. Sitaihamisha wala sitaifuta. Itabaki peke yake kwa ile faili ya zamani.

Ukiwa na neno, niandikie. Sijagusa kitu bado. Tulikubaliana mtu aandike kwanza.

Mpendwa mmoja wa Gakindu